Picha za nyumba zimejaa kwenye simu, lakini nyumba ya Msangano bado haijachorwa

Kwa ufupi
- Picha za nyumba ni nyingi mtandaoni. Maelezo ya gharama, joto na vifaa vya eneo husika ni machache.
- Anayeanzisha ukurasa wa ubunifu wa nyumba Songwe ana nafasi nzuri, ila si kwa kunakili picha za wengine.
- Kodi, leseni na sheria ya taaluma vinamhusu tangu siku ya kwanza.

Tafuta "ramani ya nyumba vyumba vitatu" kwenye simu yoyote. Ndani ya sekunde chache zinamiminika picha za paa lililofichwa, vioo vikubwa na gari limeegeshwa mbele. Nyingi hazisemi nani kachora, zinataka tofali ngapi wala zinafaa kujengwa wapi. Siku hizi nyingine hazijachorwa na mtu kabisa. Zimetengenezwa na akili unde, na nyuma ya picha hakuna ramani yoyote.

Kwa mwenye mshahara na mkopo wa benki, hilo ni usumbufu tu. Kwa mkulima wa mpunga au ufuta kata ya Msangano, wilayani Momba, ni hasara ya miaka. Watu wengi hujenga kwa awamu: mavuno ya mwaka huu yanaingia kwenye msingi, ya mwakani kwenye kuta, yanayofuata kwenye kupaua. Ramani ikimzidi nguvu, nyumba inasimama kwenye renta na kugeuka pagala.

Hapo ndipo ilipo fursa ya kijana mwenye simu nzuri, anayejua ujenzi na anayetaka kuanzisha ukurasa wa nyumba. Soko limeshiba picha. Kinachokosekana ni mtu wa kueleza.

Mkoa mmoja, nyumba mbili tofauti

Tunduma iko juu, na miezi ya kipupwe baridi yake si ya kutania. Ukishuka Msangano unaingia bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, kwenye joto. Ndani ya mkoa mmoja tayari kuna nyumba mbili tofauti.

Bondeni, nyumba inahitaji paa lililotokeza nje ya ukuta ili jua lisichome kuta, madirisha yanayotazamana ili hewa ipite, na matundu ya kutoa joto juu ya dari. Baraza la kivuli huko linafanya kazi kuliko sebule kubwa.

Sasa chukua nyumba ya paa la kuficha, ile inayotamba mtandaoni. Ukuta unapandishwa kuziba bati, bati linalala kwa mteremko mdogo, na maji yanapita kwenye mfereji wa ndani. Fundi akiteleza kidogo kwenye mfereji, maji yanashuka ukutani. Na kwa kuwa hakuna paa lililotokeza, jua na mvua vinapiga ukuta moja kwa moja. Kama umejengwa kwa tofali za kuchoma na udongo bila plasta, masika kadhaa tu yanatosha kuulamba.

Si kwamba nyumba hiyo ni mbaya. Inataka fundi mzoefu, vifaa sahihi na hela ya matunzo, na hayo picha haiyasemi. Ukurasa utakaoyasema kwa Kiswahili cha kawaida utasomwa.

Waliofanikiwa walianza na swali la kwao

Houzz, moja ya tovuti kubwa duniani za ubunifu wa nyumba, ilianzishwa California mwaka 2009 na Adi Tatarko na Alon Cohen, wanandoa waliokuwa wakihangaika kukarabati nyumba yao. Marekani hiyohiyo, John na Sherry Petersik walianza Young House Love mwaka 2007 wakionyesha ukarabati wa jiko lao. Wote walianzia kwenye tatizo lililokuwa mbele ya macho yao.

Karibu zaidi, mbunifu majengo Francis Gichuhi wa Nairobi amejulikana kwa kuandika kupitia tovuti ya kampuni yake, A4architect, akieleza gharama na hatua za ujenzi nchini Kenya. Maelezo ya aina hiyo hujenga imani, na imani huleta wateja.

Kwa Songwe, maswali yapo tele. Tofali za kuchoma au za saruji, ipi inatoka nafuu ukihesabu usafiri wa kutoka Tunduma? Matofali ya kufungamana, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulikuwa ukiyahamasisha, yanapunguza saruji kiasi gani? Nyumba ya vyumba viwili inawezaje kuongezwa hadi vitatu bila kubomoa?

Kalenda nayo ni muhimu. Baada ya mavuno, watu wanafyatua na kuchoma tofali. Inapokaribia Novemba, wanawahi kupaua kabla ya mvua. Mada ya kupaua ikitoka Januari imechelewa.

Wasomaji wapo, hela inakuja polepole

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilihesabu laini zaidi ya milioni 40 zenye huduma ya intaneti kufikia mwisho wa 2024. Na Sensa ya 2022, ambayo pia ilihesabu majengo, iliipa Songwe watu zaidi ya milioni 1.3. Lakini wengi wanapima bando. Picha nyepesi na maelezo mafupi yanayosambaa WhatsApp vitafika mbali kuliko video ndefu.

Kutegemea matangazo ya mitandao pekee ni kujichelewesha. YouTube, kwa mfano, inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90, kabla ya kugawana mapato kamili ya matangazo. Hela ya karibu iko kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye kiwanda kidogo cha tofali, fundi anayetafuta kazi, na mbunifu aliyesajiliwa anayetaka wateja.

Hapo kodi inaingia. Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui mtandaoni. Duka likikulipa Sh200,000 na kukata kodi hiyo, Sh10,000 inakwenda serikalini. Wazo la kutangaza bidhaa mbovu kwa sababu tu mwenye duka kalipa ni hatari zaidi kuliko kodi: fundi mmoja akilalamika, kijiji kizima kinajua.

Sheria ya kuijua mapema

Mwaka 2018, kanuni za maudhui mtandaoni zilitaka wenye blogu walipe jumla ya takriban Sh2.1 milioni, na baadhi wakaacha. Baadaye masharti yalilegezwa, na marekebisho ya 2022 yaliweka mkazo wa leseni kwa wanaotoa habari na matukio. Hata hivyo, ni busara kuuliza TCRA kabla ya kuanza.

Kikwazo kingine ni taaluma. Kuonyesha, kulinganisha na kueleza nyumba ni jambo moja. Kujiita mbunifu majengo na kuuza michoro bila usajili wa bodi husika, AQRB, ni jambo jingine, na sheria inalikataza. Njia salama ni kushirikiana na mtaalamu aliyesajiliwa na kumtaja.

Mwisho, mtandao wenyewe unaweza kuzimika. Ulizimwa nchi nzima Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na ukakaa hivyo kwa siku kadhaa. Namba za wateja na nakala za kazi zisiachwe mtandaoni peke yake.

Kipimo cha ukurasa wa namna hii kitakuwa idadi ya nyumba zilizopauliwa kabla hela haijakata, kuliko idadi ya waliobonyeza kupenda. Anayeanza leo anaweza kuanza na nyumba moja tu iliyokamilika Msangano: aipime, aombe ruhusa ya mwenyewe, aandike kila mfuko wa saruji na kila bati lililotumika. Maelezo hayo yatamsaidia mkulima kuliko picha mia za nyumba ambazo hazijajengwa popote.