Shuka na Sketi

Wako watu katika mji wa Nairobi, tena wengi wao ni wasomi, wasemao kuwa shuka si vazi la Wamaasai. Husema kuwa ni blanketi la Waskoti lililoachwa huku na wageni. Huyu hudai lililetwa na askari. Yule hudai lililetwa na wamisionari wa Thogoto, mahali ambapo hata jina lake ni jina la Waskoti lilivyotamkwa kwa Kikuyu. Kila mmoja hucheka amalizapo kusimulia. Kicheko hicho ndicho nitakacho kukijibu, maana hutumika kuwadharau watu walio hai.

Tukitazame kwanza kitambaa chenyewe. Tartani ya Waskoti hufumwa kwa nyuzi za rangi zilizopangwa kwa hesabu: nyekundu kadhaa, nyeusi kadhaa, kijani kadhaa. Hesabu ya mtande, yaani nyuzi ziendazo kwa urefu, aghalabu hurudiwa ile ile katika mshindio, yaani nyuzi zipitazo kwa upana. Zikutanapo rangi mbili, jicho huona ya tatu; nyekundu ikipandana na nyeusi huwa wekundu wa giza. Shuka nayo ina mistari ikatanayo, ila mistari yake mara nyingi ni mipana, rangi zake ni chache, na nyekundu ndiyo itawalayo. Mfanano upo, wala hakuna haja ya kuukana. Wamaasai walivaa ngozi. Misafara ya pwani ilipowaletea merikani katika karne ya 19, waliipaka udongo mwekundu. Na nguo za viwandani zilipokuja baadaye, walichagua zile zilizoufuata wekundu wao. Kuchagua si kuiba.

Lakini tuwaulize wenye kicheko: hiyo tartani waistahiyo ilipata wapi heshima yake? Baada ya vita vya Culloden vya mwaka 1746, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi ya watu wa milimani mwa Uskoti. Mwanamume aliyekamatwa nayo alifungwa miezi 6. Akirudia, alihamishwa ng'ambo ya bahari kwa miaka 7. Askari wa serikali peke yao waliruhusiwa. Sheria hiyo ilidumu hata 1782. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, sherehe zikisimamiwa na Walter Scott, na mfalme mwenyewe akavaa tartani. Ndipo mabwana wakubwa wakaitafuta kwa pupa. Wafumaji wa Bannockburn, ambao zamani walivitambulisha vitambaa vingi kwa nambari tu, waliviuza kwa majina ya koo. Mwaka 1842 ndugu wawili waliojidai kuwa wajukuu wa mwana wa mfalme walichapisha kitabu cha mitindo ya koo waliyoiita ya kale. Kitabu kile kilikuwa cha kughushi, na baadhi ya mitindo yake ingali ikivaliwa hata leo! Je, Mskoti si mwenye tartani kwa sababu hiyo? Ni mwenyewe kabisa. Aliivaa, akaipa jina, akaenda nayo arusini na matangani. Basi mizani hiyo hiyo na ipime shuka.

Hapa kwetu haiipimi. Katika shule moja ya magharibi mwa mji, ambayo sitaitaja jina, wasichana huvaa sketi za mirabamiraba ya buluu, nyeusi na kijani, ndizo rangi za Black Watch, kikosi cha askari wa Uskoti. Asubuhi moja ya Julai, yenye baridi na manyunyu kama ilivyo desturi ya mwezi huo, nilimwona msichana akija amejitanda shuka juu ya sweta. Aliambiwa langoni aivue, kwa kuwa "hapa si manyatta." Aliyemwambia alikuwa amesimama kando ya bawabu aliyekesha akiilinda shule hali amejifunika shuka.

Ndivyo mji ulivyoigawa nguo hii. Bawabu wa Lavington aivae kwa baridi. Mpokea wageni wa hoteli aivae apigwe picha. Mtalii ainunue katika Soko la Maasai. Louis Vuitton wa Ufaransa waitumie miraba yake katika mavazi ya wanaume ya mwaka 2012. Walakini mwanafunzi asionekane nayo. Na haya hutendeka katika mji ambao jina lake latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi.

Nimejibiwa kuwa sare ni sare. Hoja hiyo ina uzito, maana sare humsitiri mtoto wa maskini mbele ya mtoto wa tajiri, nami sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni juu ya neno "manyatta" kutamkwa kama tusi, na juu ya kitambaa kipewacho cheo cha kuwa sare. Waskoti, kwa sheria ya mwaka 2008, waliweka daftari la taifa la kuandikisha mitindo ya tartani. Kenya nayo ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni. Sheria ikilinda shuka mbele ya wageni, na mwalimu akiivua langoni, tumelinda nini?

Halmashauri ya shule ile itakapokutana tena kuchagua kitambaa, naomba viwekwe mezani vipande viwili, kimoja cha sketi na kimoja cha shuka, bila jina wala bei. Kisha kila mjumbe aonyeshe kwa kidole uzi ulio wa kishenzi.