Theluji ya Wote, Nafuu ya Wachache

Zipo sifa ambazo zimenichosha kuzisikia kuhusu majira ya baridi ya 2020 na 2021 nchini Norwei. Baa za Oslo zilifungwa, mikusanyiko ikazuiwa, na wakazi wa mji wakafunga mbao za skii miguuni, wakaingia msituni kimyakimya. Twaambiwa hiyo ni tabia ya taifa linaloipenda asili. Nakataa. Sifa hiyo inaipa tabia heshima inayostahili sheria.

Msitu ule haukubaki wazi kwa bahati. Sheria ya mwaka 1957 humruhusu mtu yeyote kupita kwa miguu au kwa skii katika ardhi isiyolimwa, hata kama ina mwenyewe, bila kulipa kiingilio. Sheria nyingine, ya mwaka 2009, imeuwekea msitu wa Oslo mpaka na kubana ujenzi ndani yake. Treni ya mjini humfikisha abiria, skii mkononi, hadi Frognerseteren, ukingoni mwa msitu. Hayo ni matunda ya Bunge na ya kodi. Palipokosekana ulinzi wa namna hiyo, hata hewa safi huwa bidhaa.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa si haki iliyofika. Machi 2020, serikali ilipiga marufuku kulala katika nyumba za mapumziko zilizo nje ya wilaya ya mtu, ili huduma za afya za huko zisizidiwe. Wenye nyumba hizo walilalamika, na malalamiko yao yakasikika nchi nzima. Wakati wa janga hilohilo, mitaa ya mashariki mwa Oslo, kama Stovner, Grorud na Alna, wanakoishi wahamiaji wengi, ilielemewa na maambukizi kuliko ile ya magharibi. Aliyenyimwa nyumba ya pili alisikika. Aliyebanana na wenzake katika nyumba moja aliambiwa azingatie masharti.

Dereva wa teksi wa Stovner hakufukuzwa msituni na mtu yeyote. Sheria ilimruhusu aingie sawasawa na profesa. Alichokosa ni kazi inayofanyika kwa kompyuta nyumbani, saa za mchana zenye mwanga, na chumba cha kujitenga mmoja wa jamaa akiugua. Kumshauri mtu wa namna hiyo atoke akapunge hewa, kisha kumlaumu kwa kuugua, ni dhuluma iliyovikwa joho la afya ya umma.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu, na watumishi wa umma wanaonisoma: mtu akikusifia watu waliotulia wakati wa dhiki, muulize kwanza ni nani aliyewapa nafasi ya kutulia. Ardhi iliyo wazi ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni ujira, makazi na muda. Na hiyo haianguki kutoka mbinguni kama theluji.