Jiko la Nyumbani: Pilipili za Kujaza



Juma hili tuzungumze habari ya pilipili. Si pilipili ya kusaga wala ya achari, bali pilipili nzima iliyopasuliwa ubavuni, ikatolewa moyo wake mkali, ikajazwa chakula kitamu, kisha ikakaangwa au ikaokwa. Huliwa moja moja kwa mkono, wageni wakiwa bado wanaongea, kabla chakula chenyewe hakijapakuliwa.

Pengine utauliza, mbona karani aache daftari zake aingie jikoni? Sababu ni hii. Siku chache zilizopita alikuja mama mmoja mjane, akaketi, akasema: "Mwanangu, wewe ulisomea ualimu, hebu nipigie hesabu. Jumamosi ya juma lijalo wanakuja watu kumposa binti yangu. Nimeambiwa watakuwa 20. Kuku ninao 3 tu. Jirani wanasema nikakope, ninunue kuku wengine 7, ama sivyo nitamwaibisha mtoto."

Jibu nililompa mama yule naliandika hapa, kwa maana najua si yeye peke yake. Kazi yangu ni kuandika tarehe za harusi na za mazishi, na nyuma ya kila tarehe nimeona madeni. Wageni huondoka jioni ile ile. Deni hubaki, likalala nyumbani, likaamka nawe asubuhi.

Basi tupige hesabu. Kuku mmoja hukatwa vipande 8. Kuku 3 ni vipande 24. Kwa wageni 20, pamoja na wali na mchuzi, vyatosha kabisa. Shida haiko kwenye kuku, iko kwenye kungoja. Mtu aliyesafiri tangu alfajiri, akiketishwa saa mbili bila kitu kinywani, hata ukimpa kuku mzima ataona umemchelewesha. Lakini mtu huyo huyo akipewa chai ya tangawizi na pilipili 2 za moto zilizojazwa viazi, atatulia, atacheka, na chakula kikija atakula kwa adabu. Pilipili 40 za namna hiyo zataka viazi kilo 1, unga wa dengu nusu kilo, na mafuta. Linganisha na bei ya kuku 7, kisha amua mwenyewe.

Na wale jirani wanaosema? Wahenga walikwisha kuwajibu: pilipili usiyoila yakuwashiani?

KUCHAGUA PILIPILI

Pilipili zote asili yake ni Amerika. Baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, Wareno na wafanyabiashara wengine walizieneza Afrika na Bara Hindi, zikazoeleka hata leo twaziona kama za kwetu tangu zamani. Lakini ukali wao haulingani hata kidogo. Mwaka 1912 mtaalamu wa dawa wa Marekani, Wilbur Scoville, alitunga kipimo cha ukali huo. Kwa kipimo chake, pilipili hoho ni 0. Jalapeño, iliyopewa jina la mji wa Xalapa huko Mexico, ni kati ya 2,500 na 8,000. Pilipili mbuzi ni jamaa ya habanero, na habanero hufika kati ya 100,000 na 350,000.

Kwa hiyo usimjazie mgeni pilipili mbuzi, maana hujui koo lake. Pilipili kichaa nayo ni ndogo mno, haijaziki. Chagua pilipili ndefu za kijani zilizo nene kama kidole gumba, ngumu, zinazong'aa, zisizo na makunyanzi. Kwa watoto, wazee na wasiozoea, kata pilipili hoho ndogo vipande vinne kama mashua, ujaze kitu kile kile. Ili zisichanganyike mezani, shika kanuni moja: zile kali ziache na vikonyo vyake, zile za hoho zisiwe na kikonyo. Mwambie kila mgeni, "Yenye mkia inawasha." Hakuna atakayesahau.

KUUPUNGUZA UKALI

Watu wengi hudhani ukali umo ndani ya mbegu. Sivyo. Umo hasa katika ule utando mweupe unaoshika mbegu. Pasua pilipili upande mmoja tu, toka karibu na kikonyo hadi karibu na ncha, usiitenge vipande viwili. Kwa kijiko kidogo kwangua utando wote, na mbegu zitatoka pamoja nao. Ukitaka zipoe zaidi, zitie katika maji yanayochemka kwa dakika 1 au 2, uzitoe, uzikaushe vizuri kwa kitambaa safi.

Kabla ya kuanza paka mafuta ya kula mikononi, au vaa glavu. Ukimaliza, nawa kwa sabuni zaidi ya mara moja, wala usijiguse macho. Mama anyonyeshaye ampe mwingine kazi hii. Ikiwa pilipili imeingia jichoni, osha jicho kwa maji mengi safi. Ikiwa imeunguza kinywa, maji hayasaidii sana, kwa kuwa ukali wake hauyeyuki katika maji. Kunywa maziwa au mtindi.

Tena, neno "kuunguza" si mzaha. Mwaka 1997 mtaalamu David Julius na wenzake huko Marekani waligundua kwamba mahali pale pale katika mishipa ya fahamu panapohisi moto ndipo panapohisi pilipili. Kwa kazi yake juu ya jambo hili alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Ulimi wako, basi, hukuambia umeungua ingawa haukuungua.

NJIA YA KWANZA: ZA VIAZI NA UNGA WA DENGU

Hii ni jamaa ya bajia tunazozijua. Huko Jodhpur, India, huitwa mirchi vada, na huuzwa barabarani zikiwa moto.

Kwa pilipili 20, chemsha viazi nusu kilo pamoja na maganda yake, menya, ponda. Kaanga kitunguu 1 kilichokatwa vidogo kwa kijiko kimoja cha mafuta, utie kijiko cha chai cha bizari nyembamba na nusu kijiko cha manjano. Changanya na viazi, tia chumvi, maji ya ndimu 1 na majani ya giligilani. Acha yapoe, kisha jaza pilipili, ukibana ili pasuko lifunge.

Rojo: vikombe 2 vya unga wa dengu, kijiko cha chai cha chumvi, manjano kidogo. Tia maji kidogo kidogo, karibu kikombe 1, huku ukikoroga mpaka liwe zito na kushika mgongo wa kijiko. Mafuta yasizidi nusu ya karai. Dondosha tone la rojo: likizama na kukaa chini, mafuta bado, likipanda mara moja na kutoa mapovu, yako tayari, likigeuka jeusi upesi, punguza moto. Chovya pilipili, kaanga 4 au 5 kwa mara moja, zigeuze mpaka ziwe rangi ya dhahabu. Ukizijaza karai nzima, mafuta yatapoa na bajia zitanyonya mafuta. Andaa na chatini ya ukwaju.

NJIA YA PILI: ZA NYAMA, ZA KUOKA

Kwa pilipili 20, kaanga robo kilo ya nyama ya kusaga pamoja na kitunguu, vitunguu saumu na tangawizi mpaka iive na kukauka. Usijaze nyama mbichi, maana pilipili huiva upesi kuliko nyama. Tia chumvi, ndimu na yai 1 la kuishikamanisha. Jaza, nyunyiza juu chenga za mkate mkavu, panga katika sinia lililopakwa mafuta.

Kama una tanuri, oka kwa moto wa nyuzi 200 kwa dakika 15 hadi 20. Kama huna, tia sinia ndani ya sufuria pana yenye vijiwe chini, funika kwa mfuniko bapa, weka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Bibi zetu waliokea mikate hivyo hivyo. Funua kwa uangalifu, majivu yasianguke ndani.

Wenyeji wa mji wa Puebla, Mexico, hujaza pilipili zao nyama na matunda, wakamwagia mchuzi mweupe wa jozi na kutupia punje nyekundu za komamanga. Kijani, nyeupe na nyekundu ndizo rangi za bendera yao. Masimulizi ya mji ule husema masista wa Kiagustino ndio waliokipika chakula hicho kwanza, mwaka 1821, wakimkaribisha Agustín de Iturbide baada ya nchi kupata uhuru.

NJIA YA TATU: ZA SAMAKI NA TUI

Hii yafaa pwani na kandokando ya maziwa. Chambua samaki aliyekwisha kuiva, wa kukaanga au wa moshi, utoe miiba yote, tena kwa vidole, si kwa macho tu. Changanya na kitunguu kilichokaangwa, nyanya 1 na ndimu. Jaza. Panga pilipili katika kikaango, pasuko likielekea juu, mimina kikombe 1 cha tui zito lenye chumvi, funika, pika kwa moto mdogo dakika 15 mpaka tui likauke na kushika. Njia hii haitaki mafuta mengi.

NJIA YA NNE: ZA MTINDI

Huko Marekani watu hupenda kujaza jalapeño jibini laini. Kwetu jibini ni ghali, lakini mtindi upo. Jioni mimina lita 1 ya mtindi mzito katika kitambaa safi, funga, ning'iniza juu ya bakuli mahali pa baridi. Asubuhi maji yametoka na umebaki na kitu laini kama jibini. Tia chumvi na vitunguu saumu vilivyopondwa, jaza katika pilipili zilizopasuliwa nusu mbili, oka kama njia ya pili. Usizikaange hizi katika mafuta mengi, kwa kuwa maji ya ndani yatayarusha mafuta.

MANENO YA USALAMA

Siku ya wageni jikoni huwa na watu wengi na watoto wanaopitapita. Weka karai mahali ambapo mtoto hafiki, na mtu mmoja asimame hapo, asiondoke. Pilipili iliyolowa maji hurusha mafuta, kwa hiyo kausha kila moja. Pilipili isiyopasuliwa huweza kupasuka kwa mvuke, kwa hiyo usikaange pilipili nzima iliyofungika.

Mafuta yakishika moto, usimwage maji hata kidogo, kwani moto utaruka. Zima jiko ikiwezekana, funika karai kwa mfuniko wa chuma, usilihamishe mpaka lipoe. Mtu akiungua, mimina maji safi ya baridi juu ya jeraha kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala yai, wala mafuta. Kidonda kikiwa kikubwa, au kiko usoni, au aliyeungua ni mtoto mdogo, mpeleke hospitali.

Za nyama, za samaki na za mtindi zisikae mezani zaidi ya saa 2. Kama huna friji, tengeneza siku ile ile.

Na mgeni mwenye vidonda vya tumbo? Madaktari Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha, kuanzia mwaka 1982, kwamba vidonda hivyo mara nyingi huletwa na vijidudu, nao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Dawa nyingine za maumivu huvileta pia. Basi tusiisingizie pilipili kosa lisilo lake. Hata hivyo huweza kumwongezea mtu maumivu, kwa hiyo mpe zile za hoho bila kumwuliza maswali mbele za watu. Hiyo nayo ni heshima.

Msomaji mpenzi, ukarimu haupimwi kwa idadi ya kuku. Hupimwa kwa jinsi ulivyomfikiria mgeni wako: kwamba amechoka, ana njaa, labda hawezi pilipili, labda hana meno. Mwenye kufikiri hivyo, hata akiwa na viazi na unga wa dengu tu, nyumba yake haitasemwa vibaya. Na binti akiolewa kutoka nyumba isiyo na deni, mama yake amempa zawadi ambayo wengi hawaipati.

Ikiwa kwenu mna njia nyingine ya kujaza pilipili, tuandikie, nasi tutaieleza kwa wengine. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kukausha nyanya wakati wa mavuno.