Binti yako haogopi hesabu, wewe ndiwe unayemtisha

MUHULA unapokwisha na ripoti ya shule kuletwa nyumbani, hebu jisikilize unavyowasemesha watoto wako. Mvulana aliyepata alama 38 katika hisabati huambiwa: "Wewe ni mtundu, mpira umekuzidi. Keti usome!" Dada yake aliyepata alama iyo hiyo huambiwa: "Pole, mama. Hesabu zimekushinda, tia bidii katika Kiswahili."

Utadhani umemkaripia mmoja na kumhurumia mwingine. La hasha! Uliyemhurumia ndiye uliyemuumiza zaidi. Mvulana ameelezwa kwamba kosa liko katika tabia yake, na tabia hubadilika. Msichana ameelezwa kwamba kosa limo akilini mwake. Atabadilisha nini?

Jambo hili si la kukisia. Mnamo 1978, mwanasaikolojia Carol Dweck na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi kuhusu walimu wanavyosifu na kulaumu wanafunzi darasani. Waligundua kwamba sehemu kubwa ya lawama kwa wavulana ilihusu utundu na uchafu wa kazi. Msichana alipolaumiwa kuhusu kazi yake, karibu kila mara ilikuwa ni kwa sababu jibu lenyewe halikuwa sawa.

Kisha watafiti hao wakawalaumu baadhi ya watoto kwa mtindo wa wavulana na wengine kwa mtindo wa wasichana, bila kujali jinsia. Waliolaumiwa kwa mtindo wa wasichana, wavulana wakiwemo, wakaelekea kusema wameshindwa kwa kuwa hawana uwezo.

Wapo watakaosema tofauti hii ni ya maumbile. Watataja mchezo wa karata uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Iowa na kutangazwa mwaka wa 1994. Mchezaji huchagua karata kutoka mafungu manne. Mawili hulipa dola 100 kwa kila karata, lakini faini zake ni kubwa hata mwishowe hasara huzidi. Mawili mengine hulipa dola 50, faini ni ndogo, na mwishowe huleta faida.

Ni kweli kwamba katika majaribio mengi ya mchezo huo, kwa wastani wanaume hutulia kwenye mafungu yenye faida mapema kuliko wanawake. Wanawake huguswa zaidi na hasara ya mara moja moja, na aghalabu huhama hata fungu zuri baada ya kutozwa faini.

Lakini wengi wa wachezaji hao walikuwa watu wazima. Walikuwa wamekwisha kusifiwa na kulaumiwa miaka mingi nyumbani na shuleni. Mchezo huo pekee hauwezi kukuambia ni kipi walizaliwa nacho na ni kipi walichofunzwa.

Hapa Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001. Ulimi haukupigwa marufuku, na maumivu yake huonekana. Mtoto anayelalamika tumbo au kichwa kila asubuhi ya mtihani huenda si mgonjwa wala mvivu. Huenda anaogopa kukosea.

Basi wewe mzazi, nawe mwalimu, acheni kumhurumia msichana kwa namna inayomfungia mlango. Mwonyeshe ni hatua gani ya hesabu aliyokosea, kisha mpe nafasi ya kuirudia hapo hapo. Akifaulu, usisifu mwandiko wake safi tu. Sifu njia aliyoitumia. Mvulana naye mtendee vivyo hivyo, maana kumwambia kila siku kwamba ni mtundu hakumfundishi kugawanya.

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini mtoto atajuaje kutolirudia iwapo tumemwambia kwamba kosa ni yeye mwenyewe?