Kodi ya keja ina tarehe, kazi zako hazina

Makala nyingi za kupanga pesa huanza na mstari uleule: chukua mshahara wako, asilimia 50 iwe ya mahitaji, 30 ya starehe, 20 ya akiba. Sawa. Mshahara gani?

Kama unadizaini mabango, unapiga picha za harusi, unageuza sauti kuwa maandishi kwa kampuni ya ng'ambo ama unaendesha kurasa za biashara za watu, unajua mwezi wako hauna umbo. Machi unaingiza Sh68,000 na unaanza kuulizia bei ya kiti cha ofisi. Aprili inakuja na Sh9,000. Mei ni kapa hadi tarehe 31 saa tano usiku, ndipo mteja anatuma Sh22,000 na pole nyingi. Ukijumlisha na kugawa kwa tatu, ni Sh33,000 kwa mwezi. Msee wa ofisi anayelipwa hiyo Sh33,000 analala usingizi. Wewe unakopa. Tofauti yenu si kiasi, ni tarehe.

Na tarehe za nchi hii zimepangwa kwa kalenda ya mwajiriwa. Chukua SHA. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi kabla hata hajauona. Wewe usiye na mwajiri unaulizwa maswali kuhusu nyumba na maisha yako, mfumo unakukadiria, na mchango hauwezi kuwa chini ya Sh300 kwa mwezi. Ila umetakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo, yaani Sh3,600 hata ukiwa kiwango cha chini kabisa. Serikali ilipoona watu hawana hizo pesa kwa mkupuo, ikaleta Lipa SHA Pole Pole, ambayo ni mkopo wa kulipia huo mchango. Pesa zako hazina ratiba, basi umepewa deni lenye ratiba.

Hustler Fund nayo, tangu ianze Novemba 2022, riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka. Hiyo ni bei poa ukilinganisha na programu za mikopo zilizojaa kwenye simu. Shida ni kwamba mkopo wa mtu binafsi unatakiwa urudi ndani ya siku 14, na mteja wako analipa baada ya siku 30, wakati mwingine 60. Halafu asilimia 5 ya mkopo inaenda kwa akiba, kwa hivyo ukikopa Sh1,000 unashika Sh950. Aliyebuni mpango huu alikuwa akimfikiria mama mboga anayeuza kila siku. Hakukufikiria wewe.

Wanaolipwa kwa dola wana mzigo mwingine. Januari 2024 dola moja ilikuwa imepita Sh160. Februari serikali ikauza hati mpya za deni za dola bilioni 1.5 kulipia sehemu kubwa ya deni la Eurobond lililokuwa linaiva Juni, hofu ikapungua, na kufikia Agosti dola ilikuwa karibu Sh129. Habari njema kwa nchi. Lakini kazi yako ya dola 300 iliyokuwa Sh48,000 ikawa Sh38,700. Umefanya kazi ileile, kwa mteja yuleyule, na Sh9,300 zimeyeyuka. Hiyo ni kodi ya bedsita mitaa mingi ya Nairobi. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Remotasks ilifungia Wakenya mlango na watu wakaamka hawana akaunti. Kwa hivyo ukipanga bajeti kwa kutumia mwezi wako mzuri, unapanga kwa kutumia kitu ambacho watu wa mbali wanaweza kukizima kwa barua pepe moja.

Sasa tufanye hesabu. Toa rekodi yako ya M-Pesa ya miezi 12. Itakuuma kidogo, lakini iangalie. Kwanza tafuta sakafu yako: pesa za kuishi mwezi mmoja bila madoido. Tuseme keja Sh9,000, chakula Sh8,000, intaneti Sh3,000, nauli Sh2,500, stima na maji Sh1,500. Jumla Sh24,000. Kama unatuma kitu nyumbani, kiingize humo humo. Mzazi anayepata Sh1,000 kila mwezi atakuelewa kuliko yule uliyemtumia Sh10,000 Machi halafu Mei hushiki simu.

Rudi kwa Machi ile ya Sh68,000. Weka kando asilimia 10 ya kodi, zinabaki Sh61,200. Jilipe sakafu yako, Sh24,000. Zinabaki Sh37,200. Hapa ndipo wengi wetu huziita pesa za ziada na kuzipeleka Naivasha. Si za ziada. Hizo ni Aprili na nusu ya Mei. Aprili ikija na Sh9,000, ukitoa ya kodi una Sh8,100, unachota Sh15,900 na bado zinabaki Sh21,300. Mei isipoleta kitu, unapungukiwa na Sh2,700 pekee, na hizo unaweza kuzipata kwa kula githeri na kuacha Uber. Aliyemaliza zote Machi atapungukiwa na Sh39,900 kwa hiyo miezi miwili. Hakuna Fuliza ya kuziba shimo hilo, na kila ukiigusa inakata asilimia 1 ya kuingilia kabla ya ada ya kila siku.

Binafsi naona kujilipa kwa wiki ni bora kuliko kwa mwezi. Kodi ya keja na intaneti zitoke kwanza, kisha kila Jumatatu ujitumie mgawo wa chakula na nauli. Zinazobaki ziweke mahali ambapo kuzitoa kunachukua siku moja au tatu, kama zile hazina za soko la fedha ambazo watu huita MMF. Riba yake ni nzuri, lakini mimi napenda zaidi ule ucheleweshaji. Ijumaa saa nne usiku huwezi kuzifikia.

Kuhusu ile asilimia 10: tangu Julai 2023, anayelipa kazi ya maudhui ya mtandaoni hapa Kenya anatakiwa kukata asilimia 5 ya kodi kabla pesa hazijakufikia. Kukatwa huko hakukuondolei jukumu la kufaili ritani kabla ya Juni 30. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2023, ukibaki na mapato ya Sh288,000 kwa mwaka au chini, nafuu ya kodi inafuta deni lako lote. Ukifika Sh400,000, deni ni kama Sh28,600. Asilimia 10 inakutosha na chenji inabaki.

Kisha uanze kusogeza tarehe zenyewe. Mwezi mnono, lipa keja miezi miwili. Landilodi wengi hawatakataa, na pesa iliyo kwa landilodi huwezi kuila. SHA ya mwaka ilipe hapo pia. Ule utaratibu uliomkera kila mtu unakufaa wewe, mradi usingoje mwezi wa kusota ndio uukumbuke. Na wateja wapya walipe nusu kabla hujafungua kompyuta. Atakayekataa kabisa amekuonyesha mapema jinsi atakavyolipa mwishoni.

Haya yote yanafanya kazi kama wastani wa miezi yako 12 uko juu ya sakafu. Ukiwa chini, tuseme unapata wastani wa Sh17,000 na sakafu ni Sh24,000, tatizo si tarehe tena na hakuna bajeti itakayolitatua, hata uigawe vipi. Hapo unahitaji kupandisha bei, kuhamia keja ya Sh5,000 ama kutafuta kibarua chenye siku maalum ya malipo, hata kama ni Ijumaa na Jumamosi kwa duka la mtu.