Lugha ya ishara yangali nje ya mlango wa daktari

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama naye ana haki ya mkalimani bila malipo.

Hata hivyo, kiziwi anapougua na mkalimani akakosekana, hulazimika kumtegemea jamaa, pengine mwanawe mdogo, amfikishie daktari maumivu na siri zake. Daktari naye akijaribu kukisia, hatari huzidi: lugha hii ina sarufi yake, na uso hubeba maana pamoja na mikono. Bila wakalimani hospitalini, heshima iliyotolewa bungeni haimfikii mgonjwa.