Wazee nao wapimwe, si watoto peke yao

Kwenye vituo vya afya vya Kivu, mtoto anapimwa mkono kwa utepe wa rangi. Unene ukiwa chini ya milimita 125, anaingizwa kwenye matunzo. Mama mjamzito na anayenyonyesha hupimwa pia. Lakini bibi aliyemleta mjukuu, nani anampima?

Mzee akidhoofika tunasema: "Ni uzee tu." Si uzee tu. Baada ya miaka 60 misuli inapungua haraka, na zaidi kama kila siku anakula bugali ya muhogo na sombe kidogo. Muhogo unashibisha, lakini haujengi misuli. Unene nao unadanganya: mafuta yanaweza kuficha misuli iliyokwisha. Tuangalie kama anainuka kwenye kiti bila kujishika, na kama mwendo wake umepungua. Akianguka na kuvunjika nyonga, jamaa nzima inalipa.

Wataalamu wanashauri angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mzee wa kilo 50 anahitaji gramu 50. Sambaza, maharagi, soya na mayai vinasaidia, pamoja na kutembea kila siku.

Serikali na mashirika ya kiutu waingize wazee kwenye upimaji, hasa kati ya wakimbizi wa vita. Na sisi nyumbani, tuache kuwapa wazee mchuzi huku samaki wakiishia kwenye sahani zetu.